Vidonda vya Tumbo: Kipimo cha Kuuliza Kabla ya Kumeza Dawa

Ukishuka matatu Litein, Kapkatet, Sotik au Silibwet siku ya soko, hutatembea mbali kabla ya kuona kibao cha maabara ndogo au duka la dawa kinachotangaza kipimo cha vidonda vya tumbo. Mteja hudungwa kidoleni, tone la damu likatiwa kwenye kifaa bapa cha plastiki nyeupe chenye kidirisha, na baada ya dakika kumi au kumi na tano huonyeshwa vimistari viwili. Huambiwa ana bakteria aitwaye H. pylori. Huondoka na dawa za wiki mbili, ambazo pengine zimemeza pesa ya majani ya chai aliyochuma kwa siku nyingi. Miezi michache baadaye tumbo likianza tena hurudi palepale, hudungwa tena, vimistari hutokea viwili vilevile, na huuziwa dawa zilezile.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Alitaka kujua kama bakteria yumo tumboni mwake leo. Kile kipimo cha damu kilimwambia tu kwamba mwili wake umewahi kukutana naye, pengine mwaka huu, pengine akiwa mtoto wa chekechea. Kuna kipimo kingine, cha choo, kinachojibu swali lake, na maabara nyingi za hospitali na hata za miji midogo zinaweza kukifanya. Mgonjwa akijua kukiuliza kwa jina, na akijua la kufanya wiki mbili kabla ya kupimwa, ataokoa pesa nyingi na dawa nyingi zisizo na kazi.

Bakteria anayeishi kwenye asidi

Helicobacter pylori ni bakteria mdogo aliyejipinda kama parafujo. Hukaa chini ya ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo, mahali ambapo asidi huua vijidudu vingi. Yeye hunusurika kwa sababu ana kimeng'enya kinachoitwa urease, ambacho huvunja urea na kutoa amonia, na amonia hiyo hupoza asidi iliyomzunguka. Kumbuka jambo hili la urea, maana vipimo viwili kati ya vile tutakavyovieleza vimejengwa juu yake.

Akishakaa hapo, ukuta wa tumbo huvimba na kuwaka. Uvimbe huo unaweza kudumu miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Kwa baadhi ya watu ukuta huliwa hadi kuwa kidonda, ama tumboni kwenyewe ama mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 walioambukizwa, 10 hadi 15 watapata kidonda wakati fulani maishani, na mmoja hadi watatu watapata saratani ya tumbo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka bakteria huyu kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani mwaka 1994.

Kabla ya hapo madaktari wenyewe walifundishwa kwamba vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na asidi nyingi. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumkuza bakteria huyu maabara kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi uliojaa bakteria hao. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na kamera ilionyesha tumbo lake limevimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Miaka zaidi ya 40 imepita, na bado mchumaji chai mwenye maumivu huambiwa kwamba ameyaleta mwenyewe kwa kwenda shambani alfajiri akiwa na kikombe cha turungi tu tumboni. Njaa na turungi vinaweza kumchoma mtu ambaye tayari ana kidonda, lakini havimpi bakteria. Wengi huambukizwa wakiwa watoto wadogo, ndani ya nyumba, kupitia mate, matapishi, au kinyesi kinachofika kwenye mikono, maji na chakula. Mahali penye msongamano na maji ya shida maambukizi huwa mengi zaidi. Uchunguzi uliofanywa Kenya kwa miaka mingi umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wamewahi kuambukizwa. Na mursik, maziwa yetu ya kuganda, pamoja na heshima yake yote mezani kwetu, haumuui.

Nani apimwe, na nani asipoteze muda kupimwa

Kipimo cha bakteria humfaa mtu mzima mwenye maumivu au kichomi juu ya kitovu kinachokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, anayeshiba upesi, anayehisi kujaa gesi au kichefuchefu kila mara. Humfaa pia aliyewahi kuambiwa ana kidonda, mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma usiojulikana chanzo, anayetarajiwa kutumia dawa za maumivu kwa muda mrefu, na mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tumbo. Asiye na dalili yoyote wala historia hiyo hana haja ya kupimwa eti kwa sababu kipimo kinapatikana sokoni.

Halafu kuna watu ambao kipimo cha damu, cha choo au cha pumzi hakiwatoshi, na ambao kuwapa dawa za vidonda ni kuwapotezea wakati wa thamani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika nchi yetu hii ya chai kosa hili limegharimu maisha.

Mtu anayesema chakula kinakwama kifuani hana vidonda vya tumbo mpaka ithibitishwe hivyo. Mwanzoni hukwama kimyet (ugali) au nyama, naye husukuma kwa maji. Baadaye hubaki kula uji tu. Wengi huanza kwa kununua dawa za asidi dukani, wakizimeza mwezi baada ya mwezi. Kaunti za Bomet na Kericho zimo katika eneo la Afrika Mashariki ambalo saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2002 daktari wa upasuaji Russell White na wenzake wa Hospitali ya Tenwek walichapisha katika jarida la The Lancet taarifa kuhusu saratani hiyo kuwapata hata vijana wa Wilaya ya Bomet ya wakati ule. Kwa hiyo usimwambie mtoto wako wa miaka 28 kwamba yeye ni mdogo mno kuugua saratani. Akikwamwa na chakula, apelekwe kupimwa kwa kamera (endoskopi).

Ugonjwa huo hauletwi na H. pylori. Watafiti wameshuku mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwemo moshi wa jikoni, pombe, tumbaku na vinywaji vya moto sana. IARC mwaka 2016 ilisema vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio. Ikiwa chai ya nyumbani kwenu humiminwa kutoka sufuria ikitokota na kunywewa papo hapo, iache ipoe dakika chache.

Dalili nyingine zinazotaka hospitali moja kwa moja ni kutapika damu au kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa, choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali, kupungua uzito bila sababu, kutapika kusikokoma, kupauka na kuchoka kwa kukosa damu, uvimbe unaoshikika tumboni, na maumivu mapya yanayoanza mtu akiwa na miaka 50 au zaidi. Maumivu ya ghafla makali sana, tumbo likiwa gumu kama ubao, ni ya usiku uleule, yasingoje asubuhi. Na mzee anayeshikwa na "kiungulia" kila anapopanda mlima, huku akitoka jasho na maumivu yakienda mkononi au tayani, anaweza kuwa anaumwa moyo.

Angalizo moja kuhusu choo cheusi: vidonge vya madini ya chuma, wanavyopewa sana kina mama wajawazito, na dawa zenye bismuth, huweza kukigeuza rangi bila damu kuwepo. Mweleze daktari kila unachomeza.

Dawa za mgongo

Kabla hujamlaumu bakteria, angalia mfukoni. Kuchuma chai ni kazi ya kuinama, kunyoosha mikono na kubeba kikapu mgongoni mchana kutwa, na wengi huimaliza siku kwa diclofenac, ibuprofen au vidonge vya dukani vyenye aspirini. Dawa hizi hupunguza kinga ya asili ya ukuta wa tumbo, na zinaweza kuleta kidonda bila bakteria yeyote kuwepo. Zikikutana na H. pylori kwenye tumbo moja, hatari ya kidonda kutoa damu huongezeka sana. Wachumaji wengi hawazihesabu kuwa dawa, kwa kuwa huuzwa dukani pamoja na sukari na sabuni, basi wanapoulizwa na daktari kama wanatumia dawa yoyote hujibu hapana. Nenda na pakiti yenyewe. Paracetamol peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa, haina madhara hayo kwa tumbo, lakini soma pakiti maana baadhi ya vidonge huchanganya paracetamol na aspirini.

Vipimo vyenyewe

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, askari ambao mwili hutengeneza baada ya kukutana na bakteria. Tatizo ni kwamba kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa, kama kovu linavyobaki baada ya jeraha kupona. Katika eneo ambalo zaidi ya nusu ya watu wazima wamewahi kuambukizwa, jibu la ndiyo linakuambia machache sana. Na kwa aliyekwisha kutibiwa, kipimo hiki hakina kazi kabisa: hakiwezi kumwambia kama amepona. Miongozo ya kitabibu ya kimataifa haipendekezi kifaa cha haraka cha tone la damu kitumike kuamua matibabu. Maabara wanakipenda kwa sababu ni rahisi, ni cha haraka, na mteja haoni haya.

Kipimo cha choo hutafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe vinavyotoka naye tumboni. Bakteria akiwepo, vipande vipo. Akifa, baada ya muda vinakwisha. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa kabla ya matibabu na kinafaa baadaye kuthibitisha uponyaji. Kwa mtu wa Kericho au Bomet asiye na dalili za hatari, hiki ndicho ninachokushauri uanze nacho.

Sasa tazama karatasi unayopewa. Vifaa vya vipimo hivi viwili hufanana: vyote ni plastiki nyeupe, vyote vina herufi C na T kando ya kidirisha. Kimstari cha C huonyesha kwamba kifaa kimefanya kazi. Kisipotokea, kipimo ni batili na kirudiwe bila wewe kulipishwa tena. Kimstari cha T, hata kikiwa hafifu, ndicho jibu la kwamba kilichotafutwa kimepatikana. Ila T ya nini? Kwenye fomu, ukiona "H. pylori Ab" au "IgG" umepimwa kingamwili za damu. Ukiona "H. pylori Ag" umepimwa antijeni za choo. Herufi moja, b au g, ndiyo inayotenganisha habari za zamani na habari za leo. Kama fomu imeandikwa "H. pylori: Positive" bila zaidi, uliza ni kipimo gani kilifanywa, na uombe kiandikwe. Hiyo ni haki yako, umelipia.

Sampuli ya choo huwashinda wengi kwa aibu, hasa wazee, na wengine huondoka maabara na kikopo wasirudi. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, kama ukubwa wa punje ya maharagwe. Tandika karatasi safi au tumia chombo kikavu ili choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya choo, chota kwa kijiti kilichomo kwenye kifuniko cha kikopo, funga vizuri, andika jina na saa. Kipeleke siku hiyohiyo. Ukiwa unatoka mbali, tuseme ndani ya Konoin, na hutafika maabara mapema, kiweke mahali pa baridi na kivuli, usikiache juani. Ukiwa unaharisha maji matupu subiri, kwani choo chepesi hupunguza uhakika wa jibu. Nawa mikono kwa sabuni.

Kipimo cha pumzi ni kizuri sana kwa usahihi. Unafunga kula saa kadhaa, unakunywa urea iliyotiwa alama ya kaboni, kisha unapuliza ndani ya mfuko au kadi. Bakteria akiwepo, urease yake huvunja ile urea na kaboni yenye alama hutokea kwenye pumzi. Kaboni 13 haina mionzi. Kaboni 14 ina mionzi kidogo sana, kwa hiyo wajawazito na watoto hawapewi. Kipimo hiki hupatikana zaidi kwenye hospitali na maabara kubwa za mijini, na bei yake huwa juu kuliko ya choo.

Cha mwisho ni kamera, yaani endoskopi. Tenwek, iliyo kando ya Mto Nyangores karibu na mji wa Bomet, imeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Hospitali nyingine inaweza kukupa barua ya rufaa. Unalala bila kula, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, wengine huongezewa dawa ya usingizi mwepesi, kisha mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari huona ukuta kwa macho na kukata vipande vidogo bila wewe kuhisi. Kipande kimoja huweza kuwekwa kwenye jeli ya njano yenye urea; bakteria akiwepo jeli hugeuka waridi. Vingine hupelekwa kwa mtaalamu wa hadubini kutazama bakteria, uvimbe na seli za saratani. Usiondoke bila kuuliza majibu ya hadubini yatatoka lini na utayapataje, kwa sababu watu wengi huchukua picha ya siku ile wakaacha jibu lenye uzito zaidi likibaki kwenye faili. Kama umepewa dawa ya usingizi, njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Wiki mbili kabla

Sehemu hii ndiyo inayoharibu vipimo vingi, na haigharimu hata shilingi kuirekebisha.

Omeprazole, esomeprazole, pantoprazole na ndugu zao hupunguza asidi. Asidi ikipungua, bakteria nao hupungua na kuhama sehemu ya tumbo, na kipimo cha choo, cha pumzi au cha jeli huweza kusema hayupo wakati yupo. Acha dawa hizi kwa wiki mbili kamili kabla ya kupimwa. Antibiotiki yoyote, hata ile uliyopewa kwa kikohozi au jino, pamoja na dawa zenye bismuth, ziwe zimepita wiki nne. Maabara wasipokuuliza, waambie wewe.

Najua wiki mbili bila omeprazole ni ndefu kwa mtu anayeungua kila usiku. Katika muda huo unaweza kutumia dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, ile ya antasidi. Kula kidogo kidogo, usilale mara tu baada ya chakula cha jioni, weka kando sigara na pombe. Lakini kuna wasiopaswa kuacha bila ruhusa ya daktari: aliyewahi kutoa damu kutokana na kidonda, anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na kama umeshapimwa ukiwa unameza omeprazole? Jibu la kwamba yupo linaaminika. Jibu la kwamba hayupo lisikutulize. Rudia baada ya kuacha dawa.

Baada ya jibu

Akipatikana, matibabu ya kawaida ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi amoxicillin na clarithromycin, kwa siku 14. Kuna mpango mwingine wa dawa nne wenye bismuth, tetracycline na metronidazole. Mwambie daktari kama penisilini hukudhuru, kama una mimba au unanyonyesha, na kama unatumia dawa za moyo, kifafa, mafuta ya damu au VVU, maana clarithromycin hugombana na baadhi yake. Ladha ya chuma mdomoni na kuharisha kidogo hutokea na huisha. Vipele mwili mzima, uso kuvimba au kupumua kwa shida si jambo la kuvumilia: acha dawa, nenda hospitali.

Ukipewa metronidazole usinywe pombe, iwe bia, busaa au chang'aa, mpaka zipite siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ukipewa tetracycline, fahamu kwamba maziwa huizuia kuingia mwilini, na kwetu maziwa yamo karibu katika kila kitu. Chai ya maziwa na mursik vikae mbali na kidonge hicho kwa saa mbili kabla na saa mbili baada. Vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma.

Watu wengi huacha dawa siku ya tano maumivu yakipungua. Bakteria waliobaki ndio wagumu zaidi, na safari ya pili dawa zilezile haziwawezi. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye duka akikuuzia kwa mara ya pili kifurushi kilekile ulichokimaliza vizuri mwanzo, kikatae. Aliyeshindwa kupona kwa clarithromycin hubadilishiwa mpango.

Kisha rudi upimwe. Subiri angalau wiki nne tangu kidonge cha mwisho cha antibiotiki, uwe na wiki mbili bila dawa ya asidi, na upime choo au pumzi. Kamwe usithibitishe uponyaji kwa tone la damu. Hatua hii huachwa na wengi kwa kuwa tumbo limetulia, ilhali kutulia peke yake hakuonyeshi kama bakteria amekwisha. Kwa aliyekuwa na kidonda, hasa kilichotoa damu, ni hatua isiyoruhusiwa kukosekana.

Kipimo kikisema hayupo tangu mwanzo, na ulijiandaa vizuri, usikate tamaa wala usijinunulie antibiotiki "kwa kujaribu". Maumivu yana vyanzo vingine: dawa za maumivu, mawe ya nyongo, asidi inayopanda kooni, vijidudu vya tumboni kama giardia. Mwombe daktari aendelee kutafuta.

Wazazi huuliza kama wawapime watoto. Mtoto anayelalamika tumbo mara kwa mara kwa kawaida hapimwi H. pylori kwa tone la damu wala kupewa kifurushi cha mtu mzima. Apelekwe kwa daktari wa watoto, ambaye ataangalia ukuaji wake, minyoo na mengineyo kwanza. Ndani ya nyumba, apimwe yule mwenye dalili. Yanayosaidia familia nzima ni maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, choo safi, kunawa mikono kabla ya kupika na kula, na kuacha desturi ya kumtafunia mtoto mchanga chakula kabla ya kumlisha.

Kuhusu gharama, anzia kituo cha afya cha serikali au zahanati ya kampuni kama unafanya kazi kwenye mashamba makubwa, kisha uulize rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kericho, Longisa, Kapkatet, Litein, Kaplong au Tenwek kulingana na unakokaa. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya NHIF ilipochukuliwa na SHA, usajili wa zamani haukuhamia wenyewe kwa kila mtu; hakikisha wako kwa kubonyeza *147# kabla ya siku ya miadi, na uulize kaunta ni vipimo gani vinalipiwa na vipi utalipa mwenyewe. Anayelipwa kwa kilo hukosa malipo kila siku anayoketi kwenye foleni, kwa hiyo fanya yote kwa safari moja: acha dawa mapema, fika na sampuli, beba pakiti za kila unachomeza.

Ukifika dirishani, sema hivi: "Naomba kipimo cha H. pylori cha choo, cha antijeni. Sijatumia omeprazole wiki mbili wala antibiotiki wiki nne." Wakikuambia hawana ila cha damu, washukuru, weka pesa yako mfukoni, uende maabara inayofuata.